Saa ya Taa Zinazozunguka: Kutoka Bab Jayrun hadi Rwamgasa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Wiki ya pili ya Februari 2025, Ramadhani ya mwaka 1446 ikiwa imekaribia, tulifika Rwamgasa, wilayani Geita, kwa wito wa ndugu zetu wa msikiti mmoja wa hapo. Anayeijua kanda ile hahitaji kuelezwa. Ni mahali pa wachimbaji wadogo wa dhahabu: kuna maduara ambamo watu hushuka chini wasione jua tangu asubuhi, kuna mialo ya kuoshea mchanga, na kuna makarasha yanayosaga mawe kwa kishindo ambacho humfanya mtu asisikie adhana hata akiwa si mbali na kipaza sauti. Kishindo hicho ndicho kilicholeta jambo tunalotaka kuliandika.

Kijana mmoja wa msikiti huo, fundi wa redio na simu, aliona kwamba ndugu zake wa kwenye karasha hawaisikii adhana, akasema basi waione. Akatengeneza saa. Si saa ya mishale, wala si ile ya tarakimu nyekundu inayouzwa madukani na kutundikwa kwenye mihirabu. Alichukua mota ya deki ya kaseti iliyokufa, akaifunga mkono mwembamba wa ubao wa saketi, na juu ya mkono huo akapanga vitaa vidogo vya LED kwa mstari mmoja. Mota ikiwa imezimwa, unachokiona ni kijiti chenye vitaa vinane na betri ya simu. Mota ikiwashwa, mkono wenyewe hauonekani tena, na hewani mbele yako husimama maandishi: saa na dakika, na wakati wa swala ukiingia, jina la swala hiyo. Usiku husomeka kutoka mbali.

Wazee walituuliza maswali mawili. La kwanza lilitoka kwa mzee wetu mmoja aliyekaa karibu na mlango. "Sheikh," alisema, "maandishi haya hayapo. Nimeipiga mota kofi ikasimama, nikatazama, hakuna herufi hata moja. Je, hiki si kiinimacho, tena ndani ya nyumba ya Allah?" La pili lilikuwa la imamu, nalo lilikuwa fupi zaidi: "Inafaa kuitegemea?"

Tuanze na la mzee, kwa kuwa lina historia ndefu kuliko alivyodhani.

Katika karne ya nne ya Hijria aliishi Baghdad mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, Abu Bakr al-Jassas, aliyefariki mwaka 370 H (981). Katika kitabu chake cha Ahkam al-Qur'an, alipofika kwenye aya ya 102 ya Suratul Baqara inayotaja sihiri, alifungua mlango mrefu kuhusu maana ya neno hilo katika lugha, na akataja mambo ambayo jicho huyaona kinyume na yalivyo. Alimtaja aliyepanda jahazi akaona ufuko na mitende yake ndiyo inayokwenda. Alitaja pia pia ya watoto yenye doa moja, kwamba ikizunguka kwa kasi doa lile huonekana ni duara lililoizunguka pia yote, na akasema ni hivyo hivyo kwa jiwe la kusagia likienda mbio. Kisha akataja kijiti chenye kaa la moto kwenye ncha, kwamba mtu akikizungusha, mtazamaji huona pete ya moto. Mtu wa Rwamgasa hahitaji mfano wa mbali zaidi ya huo. Chora alama ya chaki kwenye puli ya karasha, iwashwe, na utaona pete nyeupe isiyokuwepo.

Huyo ni mtu wa fiqhi akiandika tafsiri ya hukumu za Qur'ani, na ndani yake ameieleza saa ya kijana wetu ilhali umeme wa nyumbani haujulikani. Kaa la moto limekuwa kitaa cha LED, basi. Tofauti iliyopo ni kwamba kaa huwaka muda wote, ndiyo maana huandika pete tupu. Kitaa huwashwa na kuzimwa kwa hesabu, ndiyo maana huandika herufi.

Baada ya al-Jassas alikuja Abu Ali Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo kiasi cha mwaka 1040. Yeye hakuwa mfasiri bali mtu wa hesabu na elimu ya mwanga. Katika Kitab al-Manazir, chenye maqala saba, aliitaja naye pia ya watoto, safari hii ikiwa na mistari ya rangi mbalimbali: ikizunguka, rangi zote huonekana moja. Kutokana na hilo alitoa hoja kwamba kuona si jambo la mara moja. Jicho na akili vinahitaji muda, hata uwe mdogo vipi, kuitambua rangi, na kitu kikipita kabla ya muda huo kwisha huchanganyika na kinachofuata. Mgiriki Ptolemy alikuwa ameshaligusa jambo hili la mzunguko wa rangi kabla yake, lakini Ibn al-Haytham ndiye aliyelijengea hoja juu ya wakati. Mwaka 1765 Patrick d'Arcy, aliyekuwa akiishi Ufaransa, alilipima lile lile kaa la moto kwa chombo cha kuzungusha, akakuta kuwa jicho hulishikilia kwa kiasi cha sehemu 13 za mia za sekunde.

Sasa tazama saa yetu kwa kipimo hicho. Mota ikizunguka mara 25 kwa sekunde, mzunguko mmoja huchukua sehemu 4 tu za mia za sekunde. Kabla jicho halijaiacha picha ya kwanza, mkono umerudi mara tatu. Kwenye fremu kijana amegandisha kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika iliyopasuka, na kwenye mkono ameweka kihisio. Kila kihisio kinapopita mbele ya sumaku, chipu iliyo juu ya mkono hujua kuwa mzunguko mpya umeanza. Chipu huugawa muda wa mzunguko katika vipande vidogo, tuseme 360, na katika kila kipande, kisichofika hata sehemu mbili za elfu kumi za sekunde, huamua kitaa kipi kiwake na kipi kizimwe. Bila sumaku ile maandishi yangetangatanga hewani kama mlevi, maana mota haiendi kwa kasi moja sawasawa. Na upande wa pili wa mkono ameweka misumari ya kusawazisha uzito, kwani kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo kikiwa kizito upande mmoja hutetemeka mpaka kujing'oa. Tulimshauri pia akifunike kwa kioo. Watoto wa madrasa wana vidole.

Lakini swali la mzee lilikuwa la hukumu, na jibu lake liko kwa Imamu Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki Herat mwaka 606 H (1210). Katika tafsiri yake kubwa, kwenye aya ile ile ya 102, aligawa mambo yanayoitwa sihiri katika mafungu, na humo akayataja makosa ya jicho, ukiwemo utambi wa moto unaozungushwa ukaonekana duara, na tone la mvua linaloonekana mstari. Kisha akafika kwenye fungu la vyombo vilivyoundwa kwa hesabu vikatoa mambo ya kustaajabisha, na hapo akalitaja kwa jina sanduku la saa. Akasema fungu hili kwa hakika halistahili kuhesabiwa ni sihiri, kwa kuwa lina sababu zinazojulikana, na kila atakayezijua ataweza kulifanya. Hiyo ndiyo dhwabiti, ndugu zetu. Sihiri iliyoharamishwa si kila kinachoduwaza jicho. Chenye sababu iliyo wazi, kinachofundishika kwa mwanafunzi yeyote, na kisichokusudiwa kuwahadaa watu, ni ufundi. Kijana wetu alipoizima mota, akamwita mzee na kumwonyesha vitaa, sumaku na chipu, alikuwa ametoa jibu la ar-Razi bila kumsoma. Mzee aliinama akatazama, akauliza bei ya vitaa.

Wala ar-Razi hakulitaja sanduku la saa kwa kukisia. Zama zake zilikuwa ndizo zama za saa kubwa za Waislamu. Mwaka 580 H (1184) msafiri wa Andalus, Ibn Jubayr, aliingia Damascus, na alipotoka msikiti wa Bani Umayya kwa mlango wa mashariki, Bab Jayrun, aliiona upande wa kulia saa ya maji. Ameieleza kwa kirefu. Mchana, mwewe wawili wa shaba ya njano waliinamisha shingo na kudondosha vidonge vya shaba kwenye mabakuli, na sauti yake ikasikika. Papo hapo mlango mmoja kati ya milango midogo kumi na miwili ulijifunga kuonyesha saa iliyopita. Kulikuwa na mtu juu wa kuirudisha milango na kuvirejesha vidonge mahali pake.

Usiku ulikuwa na utaratibu wake, na huu ndio unaotuhusu. Katika tao lililoizunguka milango ile kulikuwa na duara kumi na mbili za shaba zilizotobolewa, kila moja ikiwa na kioo, na nyuma ya vioo kulikuwa na taa iliyozungushwa na maji kwa kipimo cha saa. Kila saa ilipotimia, mwanga ulikijaza kioo chake, na mtazamaji akaona duara jekundu likiwaka. Kisha likafuata la pili, mpaka usiku ukaisha na duara zote zikawa nyekundu. Kwa hiyo watu wa Damascus, zaidi ya miaka 800 iliyopita, walikuwa na saa ya taa inayozunguka, nje ya mlango wa msikiti, isomekayo gizani. Hata rangi ni ile ile. Na wekundu wa saa zetu una sababu yake: kitaa cha kwanza cha LED cha mwanga unaoonekana, alichokitengeneza Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962, kilikuwa chekundu, kitaa cha buluu chenye nguvu kilisubiri mpaka miaka ya 1990, nacho ndicho kilichowapatia Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura, tuzo ya Nobel ya mwaka 2014.

Aliyeijenga saa ya Bab Jayrun ni Muhammad bin Ali, akajulikana kwa jina la as-Sa'ati, yaani mtu wa saa, katika zama za Sultan Nuruddin Zangi, aliyefariki mwaka 1174. Alipokufa, saa iliingia mikononi mwa wasioijua ikaharibika. Mwanawe Ridwan, ambaye alikuwa tabibu, ndiye aliyeitengeneza upya, na mwaka 600 H (1203) akaandika kitabu kizima cha kueleza kila sehemu yake na kila kosa lililofanywa na waliotangulia kuigusa. Miaka mitatu baadaye, huko Diyarbakir, al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya hila, chenye saa ya tembo na saa ya ngome. Na kabla ya wote hao, Andalus katika karne ya tano ya Hijria, al-Muradi alitumia zebaki katika mitambo yake. Tuliwatajia hilo wachimbaji wa Rwamgasa, ambao zebaki wanaijua kwa kukamatia dhahabu, na pia kwa madhara yake. Hawakuamini kwamba iliwahi kuendeshea saa.

Hebu sasa tuje kwenye swali la imamu, ambalo ndilo zito. Inafaa kuitegemea?

Chombo cha kuonyesha wakati ni kitu kimoja, na kuujua wakati ni kitu kingine. Waislamu wa zamani walilitambua hilo mpaka wakaliundia kazi. Kuanzia karne ya saba ya Hijria huko Misri, na baadaye Sham, misikiti mikubwa iliajiri muwaqqit, mwanazuoni wa falaki ambaye kazi yake ilikuwa kuuthibitisha wakati, akamwambia muadhini, na muadhini akapanda mnarani. Mashuhuri wao ni Ibn ash-Shatir wa msikiti huo huo wa Damascus, aliyefariki mwaka 1375. Mwaka 773 H (1371) aliweka kwenye mnara wa kaskazini saa kubwa ya jua, bamba la marumaru lililochorwa mistari ya nyakati za swala, na alilichora kwa ajili ya Damascus. Lingepelekwa Cairo lingesema uongo, ingawa jiwe ni lile lile na jua ni lile lile. Na mwenzake al-Khalili, naye muwaqqit wa hapo, alipiga hesabu za majedwali kwa ajili ya mji huo huo.

Tulimuuliza kijana: nyakati za swala ulizoziingiza kwenye chipu umezitoa wapi? Akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa kalenda ya swala ya Dar es Salaam.

Hapa tunaomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana haimhusu Rwamgasa peke yake bali kila imamu kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, na wa Kigoma zaidi. Mwaka 1884 mataifa yalikutana Washington yakakubaliana kuihesabu dunia kuanzia Greenwich. Mjumbe wa dola ya Uthmaniya, Rustem Efendi, aliwaeleza kwamba kwao kuna hesabu mbili za saa, moja ya Kizungu na nyingine inayoanza jua linapozama, kwa sababu ya swala. Hesabu hiyo ya ghurubi ni jamaa wa karibu wa saa zetu za Kiswahili, ambazo saa moja ni baada ya kuchwa au baada ya kucha. Waturuki waliiacha mwaka 1926. Sisi tulibaki na jina lake tu: tunasema saa kumi na mbili jioni, lakini mshale wa saa hautazami tena jua letu. Saa ya Tanzania iko saa 3 mbele ya Greenwich, na hiyo ndiyo saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya nchi yetu. Kila nyuzi moja kuelekea magharibi jua huchelewa dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na robo, na Rwamgasa iko kwenye nyuzi 32 hivi. Tofauti yao ni dakika 29.

Dakika 29 hizo ni za jua kupinduka. Kwa kuzama na kuchomoza, kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini zaidi, tofauti huongezeka na kupungua kwa msimu, kati ya dakika 22 na 35 hivi. Magharibi, kijana alisema, walishaligundua kosa wenyewe: taa iliandika Magharibi na jua bado liko juu ya miti, watu wakacheka, naye akaongeza nusu saa kwa kukisia. Hilo jicho lililiona. Lakini Adhuhuri na Alfajiri hakuna aliyezigusa. Nani huitazama alfajiri ya kweli mahali penye taa za jenereta usiku kucha? Na nani huangalia kivuli siku hizi?

Basi tuliangalia kivuli. Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) juu ya Jibril (A.S.) kumswalisha Mtume (S.A.W.) siku mbili mfululizo karibu na Al-Kaaba imevifanya vivuli kuwa ndio mizani ya Adhuhuri na Alasiri, na wanazuoni wakaufundisha utaratibu wa duara la kihindi kwa kila mwenye kijiti. Asubuhi ya pili tulisimamisha uani fimbo ya mita moja iliyonyooka kwa timazi. Saa 6:37 taa ya kijana iliandika ADHUHURI. Kivuli cha fimbo kilikuwa sentimita 23. Tukachora duara kwa kipimo hicho, fimbo ikiwa katikati, tukakaa. Kivuli kiliendelea kufupika. Vijana walianza kunyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua maana yake: jua lilikuwa bado linapanda na wakati wa Adhuhuri ulikuwa haujaingia. Kilifika sentimita 19, kikakaa, kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki, na saa 7:35 kikaligusa duara tena. Katikati ya 6:37 na 7:35 ni 7:06. Huo ndio wakati jua lilipopinduka Rwamgasa siku ile.

Imamu akahesabu kwa vidole. Desturi yao ni kukimu Adhuhuri saa 7 kamili mwaka mzima. Jua halipinduki wakati mmoja mwaka mzima: Rwamgasa, mwanzoni mwa Novemba hupinduka saa 6:35 hivi, na Februari ndipo huchelewa kabisa. Kwa hiyo tangu kati ya Januari mpaka kati ya Machi, kiasi cha miezi miwili, huwa wanaswali kabla ya wakati. Na khutba ya Ijumaa huanza saa 6:45.

Hatuna budi kusema lililo juu yetu. Miaka mingi nyuma tuliwahi kupanda mimbari katika kanda hii hii, mwezi huu huu, saa 6:50 kwa saa ya mkononi, nasi tumesoma falaki kwa masheikh zetu. Hatukutazama kivuli. Tulitazama saa, kwa kuwa kwetu pwani saa ile ingekuwa sawa.

Ama hukumu: wakati ni sharti la kusihi kwa swala, na Suratun Nisaa aya ya 103 iko wazi kwamba swala imewekewa nyakati maalumu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyeswali kwa jitihada kisha ikabainika aliutangulia wakati, hana dhambi, lakini faradhi haijamtoka. Je, atalipa miezi miwili ya kila mwaka? Hapa kuna rehema ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Kadhi wa Hama, Sharafuddin al-Barizi, aliyefariki mwaka 738 H, aliulizwa juu ya mtu aliyekaa mahali miaka ishirini akidhani alfajiri imeingia, akaswali, kisha likabainika kosa lake. Akafutu kwamba analazimika kulipa swala moja tu, kwa kuwa swala ya kila siku ilisimama mahali pa kadha ya siku iliyotangulia. Wanazuoni wa Kishafii baada yake waliipokea fat'wa hii wakaifafanua masharti yake, hasa katika nia. Ama Ijumaa, mlango wake ni mwingine, kwani Ijumaa hailipwi kwa Ijumaa bali kwa Adhuhuri. Hata hivyo Imamu Ahmad bin Hanbal aliijuzisha kabla ya jua kupinduka, na hilo linampa nafasi mwenye kufutu asiwatie watu mashakani kwa yaliyopita. Kwa yajayo, hatuoni nafasi hiyo kwa msikiti ambao unaweza kusogeza khutba yake kwa nusu saa. Sisi wenyewe tulilipa. Wallahu a'lam.

Na kwa saumu jambo ni kali upande wa jioni. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Asmaa binti Abi Bakr (R.A.) kwamba walifuturu siku ya mawingu zama za Mtume (S.A.W.), kisha jua likatokeza, na mpokezi Hisham alipoulizwa juu ya kulipa, akajibu kuwa hakuna budi, ingawa imepokewa pia kutoka kwake kuwa hakuwa na yakini. Jamhuri ya wanazuoni wako kwenye kulipa. Anayefuturu Rwamgasa kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam hana hata udhuru wa mawingu, maana jua lake, kwa mwaka mzima, halizami kabla ya saa 12:40 jioni, na katika Februari huzama baada ya saa 1:10.

Kwa hiyo tulimjibu imamu kwamba saa ile inafaa. Wanazuoni wa Kishafii wa zama za mwisho waliziingiza saa sahihi na saa za jua katika njia za kuujua wakati, bali kabla yao walimtaja hata jogoo aliyejaribiwa. Neno ni hilo: aliyejaribiwa. Tulikaa na kijana siku mbili. Kalenda ya Dar es Salaam tuliitoa kwenye chipu, tukaweka hesabu ya nyuzi 32 mashariki na nyuzi 3 kusini, siku kwa siku. Alitueleza kuwa kioo chake cha kwatsi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde na bado huweza kupotea dakika nzima ndani ya miezi miwili, hivyo akakubali kuirekebisha kila mwisho wa mwezi. Imamu alikubali kusogeza Adhuhuri hadi saa 7:20 na khutba hadi saa 7:15 katika miezi ile. Mzee wetu aliomba fimbo ibaki uani, ichimbiwe kwa saruji, na duara lake lisifutwe.

Usiku wa kuondoka kwetu, karasha la upande wa pili wa barabara lilikuwa linaunguruma. Saa 2 na dakika kadhaa taa zile ziliandika ISHAA hewani. Mtu mmoja kule akaonekana akinyoosha mkono, akauzima mtambo, na wenzake wakaanza kutafuta maji ya udhu.